Mazoezi baada ya maambukizi ya kifua: lini uanze, uanze na nini, usimame wapi

Ukiwa bado na homa, unahema hata ukiwa umekaa, au kifua kinachoma ukivuta pumzi, usifanye mazoezi. Hapo hakuna la kujadili. Utata huanza siku chache baadaye: homa imeshuka, hamu ya kula imerudi, mtu anajiona mzima, anavaa viatu vya kukimbilia, na kesho yake hanyanyuki kitandani. Mapafu hupona kwa kuchelewa kuliko mwenye mapafu anavyojisikia. Mwongozo huu ni wa kipindi hicho cha katikati, kwa mtu mzima aliyeugulia nyumbani au aliyeruhusiwa kutoka hospitali.

Jua kwanza uliugua nini

Jina "maambukizi ya kifua" hubeba magonjwa mawili yenye mwendo tofauti. Mkamba ni uvimbe wa njia za hewa zinazoingia mapafuni. Mara nyingi huletwa na virusi, na ndiyo maana antibayotiki kwa kawaida haiupunguzi. Homa yake huisha mapema, lakini kikohozi huweza kuendelea kwa wiki 3 hivi kwa sababu ngozi laini ya ndani ya njia za hewa bado ina michubuko.

Nimonia huingia ndani zaidi. Vifuko vidogo vya hewa hujaa majimaji na usaha, na sehemu hiyo ya pafu inashindwa kupitisha oksijeni kwenda kwenye damu. Kwa wagonjwa walio wengi mwendo wake huwa hivi: kufikia mwisho wa wiki ya 1 homa imekwisha, wiki ya 4 maumivu ya kifua na makohozi yamepungua sana, wiki ya 6 kikohozi na kuhema vimepungua sana, mwezi wa 3 karibu dalili zote zimeondoka isipokuwa uchovu, mwezi wa 6 wengi wamerudia hali yao. Mtu anayelalamika kwamba wiki ya 5 bado anachoka hajadhoofika kuliko wengine. Yuko palepale anapotarajiwa kuwa.

Kumaliza dozi ya antibayotiki si tarehe ya kuanza mazoezi. Dozi inaua bakteria. Kusafisha mabaki na kuziba majeraha ni kazi ya mwili, na inaendelea wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho.

Kwa nini kukimbia ukiwa na homa ni hatari

Kuna dhana kwamba ukitoka jasho la kutosha ugonjwa hutoka nalo. Jasho halitoi virusi wala bakteria mapafuni. Linachotoa ni maji, ambayo mgonjwa wa homa tayari anayapoteza. Kila nyuzijoto 1 ya homa huongeza mapigo ya moyo kwa takriban 10 kwa dakika, kwa hiyo mwenye nyuzi 39 anaanza mazoezi moyo ukiwa tayari kazini. Ongeza pafu lisilopitisha oksijeni vizuri, na misuli inadai kisichopatikana.

Hatari kubwa zaidi, ingawa si ya kawaida, ni virusi kushambulia misuli ya moyo. Mazoezi makali wakati huo yanaweza kuvuruga mapigo ya moyo kiasi cha kuua. Aliyegundulika na tatizo hilo kwa kawaida huzuiwa michezo mizito kwa miezi 3 hadi 6, na hurudi kwa idhini ya daktari tu.

Siku za homa: pumzika, lakini usilale chali kutwa

Kulala bila kujigeuza kuna madhara yake. Makohozi hutuama chini ya mapafu, misuli ya mapaja hupungua haraka, na damu iliyotuama miguuni inaweza kuganda. Mapumziko ya siku hizi yana kazi ndogo ndogo ndani yake.

Kaa kitini, mgongo wima, angalau dakika 20, mara kadhaa kwa siku. Kila saa ukiwa macho, vuta nyayo juu na kuzishusha mara 20. Nenda chooni kwa miguu yako kama huna kizunguzungu.

Kisha safisha kifua, mara 2 au 3 kwa siku:

1. Kaa, legeza mabega, pumua kawaida kwa nusu dakika hadi dakika 1.
2. Vuta pumzi ndefu kwa pua, ishike kwa sekunde 2 au 3, iachie taratibu kwa mdomo. Rudia mara 3 au 4, usizidishe, kwani kuvuta pumzi nyingi nzito mfululizo huleta kizunguzungu.
3. Rudi kwenye pumzi ya kawaida.
4. Vuta pumzi ya wastani, fungua mdomo na koo, kisha sukuma hewa kwa nguvu kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo. Fanya mara 1 au 2. Makohozi yakipanda, kohoa uyateme.
5. Rudia mzunguko mzima kwa dakika 10 hivi, au hadi kifua kiwe kikavu.

Kosa la kawaida ni kukohoa kwa nguvu mfululizo. Njia za hewa hujibana, makohozi yanabaki ndani, na misuli ya mbavu inabaki ikiuma siku nzima. Msukumo wa hatua ya 4 hutoa zaidi kwa jasho dogo zaidi. Mbavu zikiuma, kumbatia mto kifuani unapokohoa.

Vigezo vya kuanza

Vyote vitimie, si vingi kati yake.

Homa iwe imeisha kwa saa 24 kamili bila dawa ya kuishusha. Watu wengi hujidanganya hapa: parasetamoli hushusha kipimajoto huku ugonjwa ukiendelea, hivyo vipimo vya saa 4 baada ya kidonge havihesabiki.

Mapigo ya moyo ya asubuhi yawe hayajapita yale ya kawaida yako kwa zaidi ya 10. Yapime kabla ya kutoka kitandani, vidole 2 kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, hesabu dakika nzima. Kama hujui kawaida yako, mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100; ukiwa juu ya 100, leo si siku yake.

Pumzi ukiwa umekaa iwe 20 au chini ya hapo kwa dakika. Mtu mwingine ahesabu bila kukuambia, kwa sababu anayejijua anahesabiwa hubadilisha pumzi yake bila kukusudia.

Uweze kuoga, kuvaa na kuzunguka nyumbani bila kusimama kutafuta pumzi, na usiwe na maumivu ya kifua wala moyo kwenda mbio au kurukaruka.

Ukiwa na kipima oksijeni cha kidole, kisome 95 au zaidi. Pasha vidole moto kwanza, futa rangi ya kucha, kaa kimya dakika chache kabla ya kusoma. Vifaa hivi vimeonekana kusoma juu kidogo kuliko ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi, kwa hiyo 95 yenye kuhema isikupe amani kuliko kuhema kwenyewe.

Kikohozi si lazima kiwe kimekwisha. Kinachotakiwa ni kwamba kinapungua siku hadi siku. Rangi ya makohozi peke yake nayo haiamui: ya kijani au ya manjano yanaweza kutoka kwenye mkamba wa virusi pia.

Ukivuka yote hayo, fanya jaribio moja la mwisho, na asiwe mtu peke yake nyumbani. Kaa kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, mikono kifuani. Simama na kukaa kwa mwendo wako kwa dakika 1. Ukitumia kipima oksijeni, soma kabla, ukimaliza, na dakika 1 baadaye. Namba ikishuka kwa 3 au zaidi, au ukipata kizunguzungu au kifua kubana, acha na uwasiliane na daktari. Pumzi ikitulia ndani ya dakika chache, unaweza kuanza.

Angalia dawa unazotumia

Sehemu hii wengi huiruka, na ndiyo inayojeruhi watu walio karibu kupona. Antibayotiki za kundi la siprofloksasini, levofloksasini na moksifloksasini zinaweza kudhoofisha kano, hasa ile ya kisigino, hadi ikakatika. Inaweza kutokea siku chache baada ya kuanza dawa au miezi kadhaa baada ya kuimaliza. Hatari huongezeka kwa mwenye zaidi ya miaka 60 na kwa anayetumia dawa za steroidi, kama prednisoloni, ambazo mara nyingi huandikwa pamoja kwa mwenye kifua kilichobana. Ukiwa umetumia dawa hizo, kaa mbali na kuruka, mbio za kasi na kupanda vilima kwa wiki kadhaa, na maumivu yoyote mapya nyuma ya kifundo cha mguu yawe sababu ya kusimama na kumwona daktari.

Azithromaisini na klarithromaisini zinaweza kuvuruga mpangilio wa mapigo ya moyo kwa baadhi ya watu. Ukizimia au moyo ukirukaruka, usiseme ni uchovu. Salbutamoli ya kuvuta na dawa za kuzibua pua huongeza mapigo, wakati dawa za presha za kundi la atenololi na propranololi huyashusha. Kwa mtumiaji wa dawa hizo, mapigo si kipimo cha kutegemea. Atumie kipimo cha mazungumzo kilichoelezwa hapa chini.

Hatua ya kwanza: kutembea

Anza na dakika 5 za kutembea kwenye njia tambarare, asubuhi na jioni. Mwendo uwe ule unaoweza kusema sentensi nzima bila kuikata. Ukipima juhudi kwa 0 hadi 10, kaa kwenye 2 au 3. Ongeza dakika 2 au 3 kila baada ya siku 1 au 2, hadi ufike dakika 30 kwa mkupuo mmoja.

Zunguka karibu na nyumbani badala ya kwenda mbele moja kwa moja. Mtu anayetembea hadi achoke ndipo ageuke amefika nusu tu ya safari, na nusu ya pili ndiyo humvunja. Milima iache kabisa kwanza.

Pumzi ikikukatika, simama, inama kidogo mbele ukiegemeza mikono juu ya ukuta au magoti, vuta hewa kwa pua, itoe polepole kupitia midomo iliyobanwa kidogo, kutoa kuchukue muda mara 2 ya kuvuta. Njia za hewa hubaki wazi kwa muda mrefu zaidi na hewa iliyokwama inatoka.

Ongeza muda kwanza, kasi baadaye, na kamwe usiongeze vyote siku moja. Ukianguka hutajua kilichokuangusha.

Vipimo 3 vinavyoamua kesho

Maamuzi yote ya kupanda au kushuka yatoke hapa, si kwenye hamu yako.

Cha kwanza ni wakati wa zoezi: unaweza kuongea? Cha pili ni baada ya zoezi: pumzi na mapigo vinatakiwa kukaribia hali ya kawaida ndani ya dakika 10 hivi. Kikohozi kidogo mwanzoni ni cha kawaida, kwa kuwa mwendo unatikisa makohozi. Kikohozi kinachoendelea saa nzima baadaye kinasema uliongeza mno. Cha tatu ni asubuhi inayofuata, nacho ndicho chenye uzito kuliko vyote: mapigo, usingizi, uchovu, kikohozi. Mapigo yakiwa juu ya kawaida kwa zaidi ya 10, au uchovu ukiwa mzito kuliko jana, pumzika siku hiyo kisha rudi kwenye kiwango cha chini kwa siku 2 au 3. Ukikwama mara 2 kwenye kiwango kilekile, nenda ukapimwe.

Kuna hali moja isiyotii ngazi hizi. Watu wengine baada ya maambukizi hujisikia vizuri wakati wa zoezi, halafu saa 12 hadi 48 baadaye wanaanguka kabisa: mwili mzito, akili yenye ukungu, usingizi usioburudisha. Hali ikijirudia, kuongeza kidogo kidogo kutaidhuru zaidi. Punguza shughuli zote za siku hadi kiwango kisicholeta maanguko, zikiwemo kazi za nyumbani na za kufikiri, na mwone daktari.

Hatua ya pili: nguvu za misuli

Ukitembea dakika 20 bila adhabu ya kesho yake, ongeza mazoezi mepesi ya nguvu, siku 2 kwa wiki zisizofuatana. Kusimama na kukaa kwenye kiti mara 8, kusukuma ukuta mara 8, kunyanyuka kwa vidole vya miguu ukishika kiti mara 10 (ruka hili kama ulitumia dawa za kundi la siprofloksasini). Pumzika dakika 2, rudia mzunguko mara 1. Wiki ya pili iwe mizunguko 3.

Toa pumzi unaposukuma au kunyanyuka. Kushika pumzi hupandisha shinikizo kifuani, na kwa mtu aliyekohoa wiki nzima hilo huamsha kikohozi, huleta kizunguzungu na huvuta misuli ya mbavu ambayo tayari imechanika kidogo kidogo. Kama kuna sehemu moja ya ubavu inayouma ukiigusa kwa kidole, acha mazoezi ya mikono. Kikohozi kikali huweza kuvunja ubavu.

Hatua ya tatu: kukimbia, baiskeli, vyuma

Aliyeugua mkamba kwa kawaida hufika hapa wiki ya 2 au ya 3 tangu augue. Wa nimonia ni nadra awe tayari kabla ya wiki ya 4 hadi ya 6, na aliyelazwa huchelewa zaidi. Sharti ni kutembea haraka dakika 30, siku 3 tofauti, bila vipimo vile 3 kulalamika.

Tembea dakika 10 za kupasha mwili. Kimbia taratibu dakika 1, tembea 2, rudia mara 6. Malizia kwa dakika 5 za kutembea. Kila baada ya vipindi 2 vilivyokwenda vizuri, ongeza dakika 1 ya kukimbia katika kila mzunguko. Fanya siku moja, acha moja. Wa baiskeli aanze na nusu ya muda aliouzoea kwenye njia tambarare. Wa vyuma aanze na nusu ya uzito wake wa zamani, marudio 10 hadi 12, na asifike mahali pa kushindwa kunyanyua.

Mbio za kasi, mechi na uzito mkubwa ndivyo vya mwisho. Vipe wiki 1 au 2 baada ya kurudia muda wako wote wa kawaida kwa mwendo mwepesi.

Kuogelea kuwe nyuma ya yote: subiri kikohozi kiishe, kwa sababu kukohoa ndani ya maji ni hatari yenyewe, na klorini huchokoza njia za hewa zenye michubuko. Hewa kavu ya baridi hufanya vivyo hivyo, na vumbi na moshi pia. Siku mbaya fanyia ndani. Ukumbi wa mazoezi wa pamoja usubiri hadi uwe huambukizi wengine. Sigara, kwa wanaovuta, hupooza vinyweleo vinavyosukuma makohozi nje, na hakuna mpango wa mazoezi unaofidia hilo.

Kifua kikitoa mlio kama filimbi unapofanya zoezi au dakika chache baada yake, njia za hewa zinajibana. Huenda ni mabaki ya maambukizi, huenda ni pumu iliyokuwa imejificha. Aliyeandikiwa salbutamoli kwa ajili ya mazoezi aivute dakika 10 hadi 15 kabla. Asiyeandikiwa asiazime ya mwenzake, apimwe.

Wasiotumia ngazi hizi peke yao

Wenye ugonjwa wa moyo, pumu isiyotulia, ugonjwa sugu wa mapafu, wajawazito, waliozidi miaka 65 na waliohitaji oksijeni hospitalini waanze kwa ushauri wa mtaalamu. Mwenye selimundu akipata homa pamoja na maumivu ya kifua au kuhema aende hospitali saa hiyohiyo. Kwake hali hiyo inaweza kuharibika ndani ya saa chache.

Simama, na uende wapi

Acha zoezi papo hapo ukipata maumivu au kubanwa kifua, moyo kurukaruka, giza machoni au kuhema kusikolingana na kazi uliyofanya. Usijaribu tena siku hiyo, na usirudi kwenye mazoezi kabla ya kupimwa.

Tafuta huduma ya dharura ukizimia, ukikohoa damu, midomo ikiwa ya bluu au kijivu, ukichanganyikiwa, ukipumua mara 30 au zaidi kwa dakika ukiwa umetulia, au oksijeni ikisoma 92 au chini. Vilevile mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu lake, au ukianza kuhema ghafla na kifua kuchoma: huenda bonge la damu limetoka mguuni na kwenda mapafuni.

Homa iliyorudi baada ya kuondoka kwa siku kadhaa inahitaji daktari ndani ya siku hiyo. Kikohozi kilichofika wiki 2, hasa kikiwa na jasho la usiku, kupungua uzito au damu, kipimwe kifua kikuu hata kama ulishapewa antibayotiki. Na baada ya nimonia, anayeendelea kuwa na dalili kufikia wiki ya 6, pamoja na kila mvutaji sigara na aliyezidi miaka 50, aombe kupigwa picha ya kifua tena, kwa sababu uvimbe wa saratani huweza kujificha nyuma ya pafu lililokuwa limejaa maji.